Nasaha za Mwenyekiti: Ukiungua, Maji Kwanza



Nawashukuru wote mliofika kusherehekea nasi miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie mikono inayozitafuta hizo hisa. Wengi wetu tunakaanga maandazi, tunapika vitumbua na wali wa kuuza. Moto ndio shamba letu, na moto hauna rafiki.

Mwaka wetu wa tatu, mtoto wa mwenzetu alimwagikiwa uji wa moto mkononi. Watu walijaa. Huyu kaleta yai, yule dawa ya meno, mwingine unga wa ngano. Pipa la maji lilikuwa hapo hapo, hakuna aliyeligusa. Ikaja shida ya nauli ya kwenda hospitali. Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, na siku ile mmoja alikuwa safari. Mtoto alifikishwa jioni. Alipona, lakini vidole viwili mpaka leo havinyooki. Wazee walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa jamani, tushike haya.

Mtu akiungua, mwondoe kwenye moto. Kama ni umeme, zima kwanza swichi kubwa ndipo umguse. Nguo ikishika moto asikimbie, maana upepo unauchochea. Alale chini aviringike.

Kisha maji. Maji ya kawaida ya baridi, siyo barafu, yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Ngozi inaendelea kuungua ndani hata sufuria ikishaondolewa, na maji ndiyo yanayoutoa ule moto. Kama bomba halitoki, mimina kwa kikombe, kinga kwa beseni, maji yakiwa bado safi na baridi mimina tena. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu bado yanasaidia. Mtoto mdogo mfunike sehemu nyingine za mwili asishikwe na baridi.

Vua pete, bangili na nguo mapema kabla hapajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Malengelenge usiyatumbue. Yai, unga, dawa ya meno na mafuta, acha vyote. Vinazuia joto kutoka, vinaleta uchafu, na mganga atalazimika kuvikwangua. Funika kwa kitambaa safi. Kanga iliyofuliwa inafaa, pamba haifai kwa sababu inanata.

Nenda hospitali bila kungoja kama ni mtoto mdogo, au ameungua usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri, au jeraha limezidi kiganja cha aliyeungua. Vilevile kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, hata kama hasikii maumivu. Kutosikia maumivu siyo nafuu, ni dalili kwamba moto umeingia ndani.

Kwa kisu, neno langu ni fupi. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10, bila kufunua kuchungulia. Kitu kilichochoma na kubaki ndani usikichomoe, mwachie mganga. Jeraha la kina au lenye uchafu, nenda ukaulizie sindano ya pepopunda.

Akina mama, kinga ni bora kuliko tiba. Mshikio wa kikaango ugeuzie ndani. Jiko lisikae njiani kwa watoto. Na kila anayepika awe na ndoo ya maji kando, ila mafuta yakiwaka ndani ya kikaango usiyamwagie maji, yatalipuka. Yafunike kwa mfuniko.

Mwisho nina ombi, na nataka lijadiliwe kikao kijacho. Kufuli tatu zibaki, zimetulinda miaka kumi. Lakini sehemu ndogo ya mfuko wa jamii ikae kwa mweka hazina, nje ya sanduku, iandikwe daftarini, iwe nauli ya mgonjwa saa yoyote bila kungoja kikao. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kiwafae watoto wetu siku ya shida.