Presidenti hana ufunguo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya komite za AVEC za chama chetu)

Sitasema sana, ju wengine muko na njia ndefu ya kurudia.

Muliniuliza: namna gani kiongozi acheke na watu, wasimuogope, na bado neno lake lisikilizwe? Kwetu swali hili ni gumu kuliko mu biro za mjini. Presidenti wa AVEC hakutumwa kutoka Bukavu. Ni jirani. Pengine mulivuka naye ziwa kutoka Kigoma, ao mulipanga naye foleni ya mahindi kule Lugufu ao Nyarugusu. Anajua madeni yako, na wewe unajua yake.

Wazee wanakumbuka kapita. Wakati wa Wabelgiji njo alisimama juu ya watu kwenye mpira na pamba. Kuna mtu anachaguliwa leo, kesho sauti imekuwa ya kapita, na hata kwa kilio anatafuta kiti cha mbele. Mwengine anataka kupendeza kila mtu: faini anasamehe, deni linasogezwa tena na tena. Huyu wa pili ananiogopesha zaidi, ju watu wanamupenda mpaka siku ya kugawana.

Sasa tuangalie kisanduku. Kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamemba watatu wasio wa komite. Presidenti hana hata moja. Kinafunguliwa mu kikao tu, mbele ya wote. Wengine wanaona hii inamupunguza presidenti. Mimi naona inamukinga.

Tuseme jirani anapiga hodi saa tatu usiku: mtoto ana homa kali, anaomba franga za kisanduku. Kapita atajibu mlangoni, «Kikao ni siku ya ine.» Yule wa kupendeza watu atakimbia kuamsha wenye funguo. Wewe fungua mlango. Musikilize, muende pamoja kwenye sante, musaidie kuongea na muganga. Ukiwa na kitu mfukoni mwako, mupe kama jirani. Juu ya kisanduku unamuambia ukweli: «Ndugu yangu, hata mimi siko na ufunguo.» Mfuko wa jamii uko kwa mambo kama haya. Lakini kikundi kiandike mapema, mwanzo wa mzunguko, namna gani kikao cha haraka kinaitwa na nani anakiita. Homa haingoji siku ya ine. Na mukitunga sheria usiku, mutoto akiwa analia, mutatungia jirani mmoja, na wa kesho atadai yake.

Faini: presidenti akichelewa, alipe ya kwanza, bila mzaha. Mzaha ni mzuri, lakini kabla kisanduku kufunguliwa na kisha kufungwa. Hapo katikati tunahesabu.

Mwenye deni musimusemee sokoni. Kiongozi aende kwake mbele ya kikao, waongee wawili tu, ajue mapema kama jina lake litasomwa. Na lisomwe, hata kama ni shemeji yako.

Kuna jambo lingine ambalo hatupendi kusema. Vikundi vyetu viko na waliorudi na waliobaki. Presidenti akicheka na watu wa kambi yake tu, kwa Kiswahili cha Tanzania, na hadithi za kule, yule aliyebaki anakaa pembeni akifikiri anachekwa. Anaanza kuweka sehemu moja tu, kisha hakuji tena. Nimeona vikundi vikipungua hivyo, na mu kaye hakuna kosa lolote limeandikwa.

Naona mikono. Tuanze na mama wa pale nyuma mwenye ufunguo, ju yeye njo anagongewa usiku.