KUUZA NYUMBA YENYE WAPANGAJI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu msikitini na sokoni. Wengi wetu ni hodari wa kusimamisha Sala, lakini huteleza penye fedha.

Mfano wake ni huu, nao hutokea Musoma, Bunda na hata Butiama. Mtu ana nyumba ya vyumba vya kupangisha. Yumo mwalimu, yumo mchuuzi wa dagaa wa Mwigobero, yumo mjane na wanawe. Wamekwisha kulipa kodi ya miezi sita. Mwezi wa pili mwenye nyumba apata mnunuzi, auza, apokea fedha, anyamaza. Asubuhi moja wapangaji wapigiwa hodi na mtu wasiyemjua, naye awaambia: "Nyumba ni yangu, tokeni." Je, dini yasemaje?

Fahamuni kwamba kupangisha ni kuuza manufaa. Aliyepokea kodi ya miezi sita amekwisha kuuza makazi ya miezi sita, wala hawezi kuyauza mara ya pili. Kilichobaki mkononi mwake ni nyumba yenyewe, nayo anayo ruhusa kuiuza. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, mauzo hayo ni sahihi, na mkataba wa kupanga hauvunjiki: mnunuzi huipata nyumba na wapangaji wake ndani mpaka muda wao uishe. Wanavyuoni wa Kihanafi wamekaza zaidi, wakasema mauzo hayo hayampiti mpangaji ila kwa ridhaa yake, au muda wake umalizike. Surat al-Maida yenyewe yaanza kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba.

Hata mambo ya dunia yametuonyesha hayo. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye nyumba alibadilika mara mbili, na mpangaji akawa na mahali papya pa kulipa kodi, si amri ya kuhama.

Basi muuzaji ana wajibu wa namna mbili. Kwanza, amwambie mnunuzi ukweli: wapangaji ni wangapi, nani amelipa, na mpaka lini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuikubali nyumba au kuirudisha. Pili, awaambie wapangaji mapema, mbele ya mashahidi, na hesabu iandikwe. Kodi iliyokwisha lipwa haidaiwi tena na mwenye nyumba mpya.

Juu ya wajibu kuna ihsani. Abu Rafi, sahaba wa Mtume, alipouza vyumba vyake viwili vilivyokuwa ndani ya uwanja wa Saad bin Abi Waqqas, alikwisha ahidiwa na mwingine dinari 500. Hata hivyo alimwachia Saad kwa dirhamu 4,000, bei iliyokuwa ndogo zaidi, na tena kwa mafungu, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Nani aliye karibu na nyumba yako kuliko anayelala ndani yake? Hulazimiki kumwuzia mpangaji, lakini ni uungwana kumwuliza kwanza.

Nawe mpangaji, mche Mungu. Muda wako ukiisha na notisi umepewa kwa haki, usijifungie mlango. Kukaa katika nyumba ya mtu bila ya ridhaa yake ni dhuluma, kama vile kukutoa kabla ya muda wako ilivyo dhuluma.

Enyi waja wa Mungu! Fedha ya nyumba huisha, lakini dua ya mjane aliyetolewa usiku na wanawe haina pazia baina yake na Mola wake.

Ewe Mola, turuzuku chumo la halali, utulinde na dhuluma, utusamehe sisi na wazee wetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.