Taa ya Zahanati

Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wanafunzi wa zamani wenzangu, na ninyi vijana,

Usiku wa mafuriko mnara wa simu ulizimika, na shemeji yangu alishikwa na uchungu. Taa ya zahanati tuliiona ng'ambo ya bonde. Kijana alitumwa kwa miguu. Mkunga alifika alfajiri. Mtoto tumekwisha kumpoteza.

Tangu mwaka 2020 ipo programu ya bure iitwayo Meshtastic. Redio ndogo ya kiganjani huunganishwa na simu. Ukiandika maneno machache, redio huyarusha. Ya jirani huyapokea na kuyarusha mbele, mpaka yafike. Haihitaji mnara wala intaneti. Betri na jua vyatosha. Sauti haichukui, na kilima huizuia, kwa hiyo moja sharti ikae juu.

Wenzangu, tuchange redio tatu: kwa mjumbe kijijini, zahanati, na juu ya tangi la shule hii. Mimi, mtumishi wa serikali, nitaulizia kwanza kibali cha masafa. Vijana, kuzitunza ni kazi yenu. Fizikia si ya mtihani tu.

Mvua zitarudi.