Kuanza Kazi ya Kompyuta: Hotuba kwa Wanachama wa Mnarani



Vijana hutuuliza mlango wa kazi ya kompyuta uko wapi. Twawajibu kwamba mlango mmoja ulifunguliwa ng'ambo ya hori, mjini Kilifi. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa huko mwaka 1989. Mwaka 2000 watumishi wake walianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama, na habari hizo zikatiwa katika kompyuta.

Kazi hiyo haikutaka wepesi wa vidole tu. Kwa desturi ya Wagiriama, jina la babu humrudia mjukuu. Kazungu Charo aweza kuwa mwana wa Charo Kazungu. Mashine haijui hayo. Ajuaye ni mwenyeji, aulizaye kwa adabu na kuandika kwa uangalifu. Majina yakichanganywa, mgonjwa huandikiwa habari za mwenziwe.

Basi tusiwaambie watoto kwamba asiye na mashine nyumbani hana pa kuanzia. Aliyezoea kuweka daftari lisilo na kosa amekwisha kuanza.

Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, ki karibu nasi, lakini karo ni nzito. Twaomba mchango wetu usaidie wasichana na wavulana sawasawa, na daftari la chama wakabidhiwe vijana walitie katika kompyuta. Mwanzo wa ngoma ni lele.