Makerere na Hesabu za Ada

Wapo wanaosema chuo kikuu kiendeshwe kama biashara: wateja wengi, mapato mengi, mafanikio. Hoja hiyo ipelekwe Hospitali ya Mulago, Kampala, wanakosomea wanafunzi wa Chuo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Makerere. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, akiwa na mwalimu. Ukiongeza wanafunzi bila kuongeza walimu, wa nyuma hawaoni wala hawasikii, na kesho ndio watakaotutibu.

Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kulipia mwaka 1992. Fedha ziliingia, na kwa chuo kilichokuwa kimedhoofika, huo ulikuwa msaada wa kweli. Benki ya Dunia iliyasifu mabadiliko hayo. Lakini Profesa Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alionyesha upande wa pili: vitivo viligombania wanafunzi, kozi zikabuniwa kwa kuwa zinauzika, nao walimu wakaelemewa na vipindi vya jioni.

Mimi naamini uongozi wa biashara una la kufundisha vyuo: bajeti safi, usajili usiopoteza siku za mwanafunzi, ada inayolipika kwa awamu. Lakini mapato yakitafutwa kwa kupandisha ada, mzigo humwangukia mwanafunzi: Oktoba 2019 wanafunzi wa Makerere waliandamana kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15 kila mwaka. Basi watafiti wetu wasiishie kwenye mapato. Wafuatilie walioacha masomo kwa kukosa ada, waliochelewa kuhitimu, na waliohitimu bila ujuzi. Takwimu hizo zisomwe kwenye baraza la chuo kabla ya bajeti kupitishwa.