Mguu Uliokoma Kuuma

Maelezo ya tabibu wa kituo cha afya katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya miguu. Naona baadhi yenu mnatabasamu, wala sishangai. Mguu hukumbukwa pale tu unapouma. Lakini unaonitia hofu zaidi kituoni si ule unaouma, bali ule uliokoma kuuma.

Magaga na fangasi wa vidoleni mnawafahamu. Fangasi hustawi penye unyevu, hasa kwa wanaoshinda ndani ya mabuti. Dawa haitafaa kitu iwapo vidole havikaushwi baada ya kuoga. Funza naye asichokolewe kwa pini inayozunguka nyumba nzima. Njooni kituoni, ambako pia mtaulizwa habari za chanjo ya pepopunda.

Sasa nizungumzie sukari. Mzee mmoja mkulima alifika kwetu akilalamikia harufu mbaya ya kiatu. Maumivu hakuyataja. Tulipomvua raba tulikuta msumari umepenya soli na kuingia unyayoni, naye alikuwa ameutembelea siku kadhaa bila kujua. Damu ilipopimwa, sukari ilikuwa juu mno. Hakuwa amewahi kuambiwa kuwa ana kisukari. Hospitalini kidole gumba kilikatwa, mguu ukanusurika.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu inayofika vidoleni ndiyo hutangulia. Mtu huanza kuhisi ganzi, kuchomwachomwa, au nyayo kuwaka moto usiku; kisha hisia hutoweka, naye hudhani amepona. Mishipa ya damu nayo huziba polepole, hivyo kidonda hukosa nguvu ya kufunga.

Kwa sababu hiyo, mwenye kisukari atumie macho badala ya maumivu. Kila jioni atazame nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama amwombe mjukuu, au aweke kioo sakafuni. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko. Viatu avikung'ute na kuvipapasa ndani kabla ya kuvivaa. Kucha azikate kwa kunyoosha, asichimbe pembe zake, na sugu asizikwangue kwa wembe. Mafuta apake, ila si katikati ya vidole.

Najua viatu ni ghali. Nimewaona akina bibi wakitembea pekupeku ili wajukuu wapate vya shule, na moyo huo nauheshimu. Hata hivyo, hata nikiwaudhi, nitasema: bibi mwenye kisukari asiachwe pekupeku, hata ndani ya nyumba. Jozi yake si anasa. Ni sehemu ya dawa zake, na familia iipangie fedha kama inavyozipangia dawa.

Kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari kisisubiri siku ya kliniki. Aletwe siku ile ile, ingawa hasikii maumivu, na kidonda kisipakwe majivu wala unga wa betri.

Ndugu Mwenyekiti, mkutano ukifungwa nitabaki hapa chini ya mwembe nikiwa na kipimo cha sukari. Atakayekuja, tafadhali avue viatu vyote viwili.