Kompyuta Ndogo na Kadi ya Picha: Tusiunguze Nyumba
(Maneno aliyosema mhamasishaji wa jamii kwenye mkutano wa vijana)



Vijana wetu wanaohariri video za harusi na za kwaya wananunua kompyuta za ofisini zilizotumika, halafu wanazitia kadi ya picha ili kazi iende haraka. Jambo hilo ni zuri. Lakini naomba mnisikilize juu ya umeme wa kadi hiyo, maana nyumba zetu ni za miti na turubai, na jirani yuko hatua tatu tu.

Kompyuta hizo umeme wake ni wa kupimwa. Fungueni ubavu, msome karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile nyembamba, ina wati 240. Prosesa yake, kama ni i5-3470, inakula kama wati 77. Sloti ya kadi kwa kanuni hutoa hadi wati 75, ila kompyuta nyingine za ofisini hutoa pungufu, kwa hiyo someni kwanza kitabu cha kompyuta yenyewe. Kadi ya GT 1030 inatumia wati 30 hivi, haina shida. GTX 1050 Ti inafika 75. Kuna zenye tundu la waya na zisizo nalo. Chagueni isiyo nalo, tena ile fupi, la sivyo kasha halifungiki.

Sasa hatari yenyewe. Tundu la pini 6 maana yake kadi inaweza kudai wati 75 nyingine. La pini 8, wati 150. Kompyuta ndogo kwa kawaida haina waya huo. Sokoni wanauza adapta rahisi inayochomekwa kwenye plagi ya diski, ile ya SATA. Plagi hiyo kwa volti 12 imepimwa kubeba wati 54 tu.

Mimi mwenyewe niliifunga adapta hiyo kwenye kompyuta ya kituo chetu. Ilifanya kazi siku 2. Siku ya 3, tukitengeneza video ya mahafali, nikanusa plastiki inaungua. Plagi ilikuwa imeyeyuka na kushikana na diski, na picha za wanafunzi wote zilikuwa humo. Mpaka leo wazazi wananiuliza.

Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi, kwani nyingi za hizi zina umbo na plagi za peke yake. Na kile kisanduku chake msikifungue kabisa. Umeme hubaki ndani hata mkishachomoa waya.

Wanaotumia sola wajumlishe pia wati za skrini na za taa kabla ya kuwasha.

Jumamosi asubuhi nitakuwa kituoni na bisibisi. Kabla hujatoa pesa, niletee jina la kadi na jina la kompyuta yako kwenye karatasi, tupige hesabu pamoja.